Aliyeonekana Wima

Dada yangu ni mwalimu wa fizikia na mlezi wa maskauti, mtu asiyeamini kitu mpaka akipime kwa rula. Alipoomba kibali cha kuwalaza skauti kumi na wawili shuleni ili watazame nyota, ofisi ilimjibu kwa barua yenye mihuri mitatu: aeleze nyota hizo ziko chini ya idara gani. Akajibu kwamba ziko juu ya idara zote. Kibali kikatoka.

Kiza kilipoingia, aliisimamisha darubini katikati ya uwanja, akailenga kwanza kwenye mnara wa tangi la maji, ng'ambo kule, ambako taa ilikuwa ikiwaka. Ndivyo inavyorekebishwa kabla ya kuelekezwa angani. Watoto wakapanga foleni.

"Mwalimu, tangi liko miguu juu!"

"Darubini hii hugeuza kila kitu. Hata wewe nikikutazama humo, utakuwa popo."

Wakacheka. Ikafika zamu ya mdogo kuliko wote, waliyemwita Sisimizi. Akatazama. Akatazama tena.

"We, umelinunua hilo tangi?" mwenzake akamsukuma.

"Kuna mtu pale."

"Anafanya nini?" dada akauliza.

"Amesimama tu. Wima."

Dada akatabasamu. Kisha tabasamu likamganda. Tangi, kichwa chini. Nguzo, kichwa chini. Huyo mtu, wima?

Akainama, akaweka jicho.

Alikuwepo. Kichwa juu, miguu chini, kama mimi na wewe. Ila ndani ya lenzi ardhi ilikuwa juu, naye alikuwa ameinua mikono, viganja vimeikanyaga.

Kiganja kimoja kikahama. Kisha cha pili. Akaongezeka ukubwa.

Anakuja.

Dada hakupiga kelele. Alikuwa na watoto wa watu kumi na wawili, na mama zao walikuwa wamemkabidhi mkono kwa mkono.

"Darasani," akanong'ona. "Shikaneni. Msigeuke."

"Na sayari ya Zuhali, mwalimu?"

"Zuhali haina haraka."

Aliwahesabu mlangoni. Kumi na wawili. Akatia komeo, akawasha taa, akawalaza. Usiku kucha alikaa macho, ameukodolea mlango. Haukutikisika. Hakusikia hata panya.

Alfajiri nilifika kumsaidia kubeba darubini. Watoto walikuwa wazima, wakipiga miayo na kugombania sabuni. Nilishukuru Mungu, nikatoka kwenda uwanjani.

Vumbini kulikuwa na alama za viganja. Kushoto, kulia, kushoto, kutoka kwenye tangi hadi darubini. Hapo zilizunguka mara moja. Kisha zikashika njia ya darasani, zikaishia mlangoni. Za kurudi hazikuwepo. Wala wayo, hata mmoja.

Nyayo nilizikuta ndani.

Darini. Mbili, nyeusi, visigino vimegusana, sawasawa juu ya godoro alilolalia Sisimizi.