Mlango Uliopakwa na Senhor Zacarias

Ijumaa asubuhi, siku ya tano, rangi ya mlango uliochorwa kwenye bango ilikuwa bado mbichi. Rangi ya mafuta, kwenye jua la Palma, siku tano! Latifa aliigusa, akanusa kidole. Kilinuka udongo wa kaburi.

Mlango huo hakuupaka yeye. Latifa alikuwa mchoraji wa mabango ya sinema, kazi aliyoirithi kwa baba yake, na mabanda ya video kutoka Mbau hadi Palma yalitundika magunia ya unga aliyoyachora majambazi na mabibi harusi. Kila nyumba aliyoichora ilikuwa na mlango uliofungwa. Baba alimwonya: nyumba ya pichani haina mwenyewe, ukiacha mlango wazi, atahamia asiyealikwa.

Kisha gesi ikapatikana baharini, akaja Senhor Zacarias, mtumishi wa serikali kutoka kusini mwa Msumbiji, na sinema ya kuwaonyesha watu nyumba watakazopewa wakihama mashamba yao. Alitaka bango. Alipoona mlango umefungwa, alifoka.

"Serikali inakaribisha watu, wewe unawafungia!"

"Senhor, kwetu mlango wa picha haufunguliwi. Kuna majini."

"Ushenzi!"

Akamnyang'anya brashi, akapaka mlango mweusi, wazi, akalitundika bango kwenye baraza ya ofisi. Mjinga yule hata kupaka hakujua. Rangi ilichuruzika mpaka chini.

Kesho yake Chamima, binti wa Latifa wa miaka saba, alisimama mbele ya bango akitoka shule. Nyumba yao ilitazamana na ofisi, lakini hatua hizo chache zilitosha. Alifika nyumbani hana sauti, hata ya kulia.

Mwalimu Abdurremane, mganga wa kitabu, alisoma, akafukiza ubani.

"Sauti yake imo mle," alinong'ona. "Mlango ufungwe kabla ya adhana ya Ijumaa. Na aufunge aliyeufungua."

Siku tatu Latifa alimsihi Zacarias. Siku tatu akachekwa, mbele ya makarani.

Sasa adhana ilikaribia. Latifa alitega sikio kwenye gunia la bango, akasikia ndani kabisa, "Mama, kuna mtu kanishika nywele," na hasira ikampanda hadi macho yakaingia giza.

Aliingia ofisini, akamkamata Zacarias kiganja, akamburuta hadi barazani huku makarani wakikimbia, akamshikiza brashi mkononi na kuusukuma mkono ule uchore mlango uliofungwa, ubao baada ya ubao, naye akimtukana kwa Kireno, na harufu ya kaburi ikizidi, na kitu kikiwapumulia vidoleni kutoka kwenye weusi, na kila ubao ulipozibwa matusi yakififia, hadi ubao wa mwisho ulipokutana na sauti ya mwadhini.

"Mama!" Chamima aliita kutoka ng'ambo ya barabara.

Latifa alilia kwa furaha, na bado alikuwa na hasira. Zacarias alifungua mdomo amtukane tena. Halikutoka neno.

Ndipo ndani ya gunia ukagongwa mlango mara tatu, na sauti ya mwanamume wa kusini ikaomboleza kwa Kireno ifunguliwe mlango, "Abram! Abram a porta!"

Zacarias alipiga magoti, akimnyooshea Latifa brashi kwa mikono miwili.

"Kwetu mlango wa picha haufunguliwi, Senhor," alisema Latifa.

Akaigusa rangi. Ilikuwa imekauka.