Kengele ya Memsabu

Jambo la kwanza lilikuwa sinia. Tarni, ambaye tangu azaliwe hajawahi kurudisha jikoni hata sahani yake mwenyewe, alionekana alasiri moja akipita kwenye ukumbi mrefu wa nyumba kubwa ya Wirrabilla amebeba sinia la chai, kitambaa cheupe kimekunjwa mkononi, macho chini, akitembea kwa hatua ndogondogo za mtu aliyefunzwa asipige kishindo.

"Unampelekea nani?" akauliza bibi yake, Merle.

"Ameita."

"Ameita nani? Wageni wote wako mtoni."

Tarni akalitazama sinia kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Akacheka. "Hata sijui, Bibi. Nilisikia kengele tu."

Merle akamwambia aache kukesha na simu. Lakini aliporudi jikoni alitupa jicho juu ya mlango, zilikopangwa zile kengele za shaba za kuitia watumishi, moja kwa kila chumba. Waya zake zilikatwa zamani, dari ilipobadilishwa. Ile ya chumba cha mbele ilikuwa bado inatikisika.

Sasa sina budi kumsema mwenye kengele. Jina lake hutalipata hapa, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Tumwite Memsabu, inamtosha na kumzidi. Alikuja zama za kondoo, wazungu walipoingia na mifugo yao. Mumewe alisimama mtoni, akaitazama nchi iliyojaa watu, moshi wa majiko yao unamwingia puani, akasema hapa hakuna mtu, kisha akajigawia yote mpaka macho yanapokoma. Yeye Memsabu kazi yake ilikuwa kukaa. Alikaa chumba cha mbele miaka nenda miaka rudi akipiga kengele: lete chai, lete shali, funga dirisha, fungua dirisha. Wasichana wa kumtumikia aliletewa na serikali, watoto weusi walionyang'anywa mama zao, na kwa kuwa kujifunza majina yao kulikuwa kazi, na kazi hakuizoea, wote aliwaita Dolly. Akifa Dolly, analetwa Dolly. Walikula nje, penye lundo la kuni, kwenye sahani za bati. Mbwa wake walikula ndani. Mwanamke aliyemlea Merle, mama wa mama yake, alikuwa Dolly wa tatu.

Dunia ikageuka, kwa kuchelewa kama ilivyo desturi yake, na watu wa mtoni, wenyeji wenyewe, wakarudishiwa nchi pamoja na nyumba. Kamati yao ikaifanya nyumba ya wageni. Mwenyekiti alikuwa Lionel, binamu yake Merle, mtu wa kufunga tai hata kwenye joto la Januari, naye akashikilia kwamba jina la Memsabu libaki maana wageni wanapenda mambo ya kizamani. Likabaki: kwenye ubao wa langoni, kwenye chupa za jemu, kwenye sabuni za bafuni, midomoni mwa watembeza wageni.

Na aliyelitaja kuliko wote alikuwa Merle mwenyewe, mpishi mkuu. Kila alasiri akimaliza kuoka alikwenda na kikombe chake chumba cha mbele, akasimama mbele ya picha ya kuchorwa ya yule mwanamke, uso mwembamba juu ya kola ya lesi, akamwita jina lote, la kwake na la mumewe. "Habari za kaburini? Leo kakuletea nani chai? Nakunywea kikombe chako, na kidole kidogo nimekinyanyua, ulivyopenda." Jikoni kote wanacheka. Ilikuwa raha yake kubwa, na simlaumu. Mtu aliyelelewa na mwanamke mwenye makovu ya brashi ya nywele mgongoni anayo haki ya raha kidogo.

Lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

Baada ya sinia ikaja harufu. Ilikuwa karafuumaiti, na chini yake kitu kitamu kilichochacha. Ilianzia chumba cha mbele, ikatambaa mpaka jikoni, hata mkate wa majivuni ukitolewa motoni unanukia kabati la nguo za marehemu. Wageni walivuta pumzi wakasema nyumba ina manukato mazuri ya kale. Mgeni ni mgeni.

Tarni naye akabadilika. Aliyekuwa mcheshi, mwenye ulimi kama wa bibi yake, akawa hasemi mpaka aulizwe. Akaanza kusugua ngazi za baraza bila kuambiwa. Mikono ikapasuka kama ya mtu anayefua kwa magadi, na magadi nyumbani hayakuwemo. Kisha Merle akamkuta nyuma ya nyumba, mchana kweupe, amechuchumaa kwenye lundo la kuni, anakula makombo ya nyama juu ya kifuniko cha bati.

"Tarni. Mjukuu wangu. Njoo ule mezani."

"Hairuhusiwi," akanong'ona.

"Nani kakataza?"

"Shh! Atakusikia." Akatazama madirishani. "Na usiniite hivyo, tafadhali. Nikiitika jina hilo nachapwa."

"Nikuite nani basi?"

Yule msichana akamwangalia bibi yake kama anavyoangaliwa mgeni aliyepotea njia, akasema kwa adabu, "Mimi Dolly, mama."

Merle hakulia. Alikasirika, na hasira yake wanaijua mpaka mji wa ng'ambo. Akaenda chumba cha mbele akamtukana mwanamke wa kwenye picha kuanzia unyayo hadi utosi, akimwita jina lake kila pumzi, mvivu we, mwizi wa watoto we, mwachie mjukuu wangu, na kadiri alivyolitaja lile jina ndivyo harufu ilivyozidi kumkaba, na chumba kikapoa ingawa jua lilikuwa linachoma mabati, na kule jikoni ikalia kengele moja, ikajibiwa na nyingine, zikalia zote kwa pamoja zisizo na waya wala mkono wa kuzivuta, na kati ya kelele hizo akasikia kiti kilicho nyuma ya mgongo wake, kiti kisichokaliwa, kikilalamika taratibu kama kinavyolalamika kiti mtu anapojiweka sawa kungojea chai yake, na mlangoni akatokea Tarni na sinia, macho chini, akisema, "Ndiyo, Memsabu. Naja, Memsabu."

Kesho yake wakamwita Mzee Clarrie.

Huyu alikaa juu mtoni, mnyoa kondoo mstaafu, mapengo matupu, asiyejali kitu duniani isipokuwa raga. Dawa aliirithi kwa wazee wake na aliitoa kwa kununa. Alifika na gari lake bovu, akalisimamisha langoni mbele ya ubao, akakataa kuingia. Merle na Lionel wakamfuata hapohapo.

"Nani kaandika takataka hii?"

"Ya biashara tu, Mzee," Lionel akasema, akinyoosha tai.

"Wewe nyamaza, umejifunga kamba shingoni mwenyewe. Merle, kaka yako alifariki lini?"

"Mwaka jana, wakati wa baridi."

"Jina lake nani?"

Merle akafumba mdomo. Hakuna mtu wa mtoni ambaye angejibu. Aliyekufa jina lake huwekwa kando na picha yake hugeuzwa ukutani, asije akaitika akashindwa kwenda zake. Hata mtoto mdogo anajua.

"Enhe," akasema Clarrie. "Na huyu?" Akauonyesha ubao kwa kunyoosha mdomo.

"Huyo si mzungu, Mzee?"

"Kwa hiyo wazungu hawafi?"

Wakatazamana. Lionel akasema polepole, "Sisi tulidhani mambo hayo ni yetu. Kwamba wao..."

"Mlidhani hana roho. Siwalaumu, dalili zake zilikuwa chache. Lakini mnamwita mara ngapi kwa siku? Hata kwenye sabuni! Watu wanajipaka maiti kwapani! Mwanamke alizoea kuita aitikiwe, leo anaitwa yeye, kwa jina lote, asubuhi na jioni. Akae kaburini afanye nini?"

"Mimi nilikuwa namtukana," Merle akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ndiyo. Kila alasiri. Saa ya chai yake, kikombe mkononi." Clarrie akatema mate chini. "Amekuwa na Dolly wengi yule, lakini mwaminifu kama wewe hakupata."

Neno hilo lilimchoma Merle kuliko yote aliyowahi kuambiwa, kwa sababu lilikuwa kweli.

Masharti ya Clarrie yalikuwa mepesi kuyasikia. Jina lifutwe kila lilipo. Picha igeuzwe. Kisha moshi. "Na atakapofukizwa ataomba mtu ataje jina lake, apate pa kushika. Atakuomba wewe, Merle, wewe ndiye uliyemlisha. Ukilitaja hata mara moja, mtoto ni wake, na mimi sirudi tena."

Ubao ukang'olewa ukapasuliwa kuni. Sabuni zikachomwa. Lionel alivua tai, akakaa sakafuni na ndoo ya maji moto kubandua karatasi kwenye chupa za jemu, moja baada ya nyingine. Picha ikageuzwa, na nyuma yake palikuwa na utando wa buibui na mavi ya nondo, basi.

Alasiri, jua bado kali, Clarrie akawasha majani mabichi ya mkaratusi kwenye ndoo ya bati, akapita nayo chumba hadi chumba, akiimba kwa pua, Merle nyuma yake. Moshi ulikuwa mzito na mtamu. Harufu ya karafuumaiti ikawa inarudi nyuma ikiukimbia moshi mpaka ikajibana chumba cha mbele, na huko walimkuta Tarni amesimama kando ya kiti, sinia mkononi, chai imeshamiminwa.

Kinywa cha Tarni kikafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake, wala haikuwa nene ya kutisha. Ilikuwa nyembamba, iliyochoka, ya mtu anayelalamika kwamba chai imepoa.

"Nani amenigeuza ukutani?"

Clarrie akaendelea kuimba.

"Wewe mpishi. Wewe unanijua. Bibi yako aliiba sukari yangu, nilimpiga kwa mgongo wa brashi mpaka akajikojolea. Alilia kwa ile lugha yenu ya mbwa. Hujakasirika? Una ulimi wewe, nimeusikia, ulinifurahisha sana. Nitukane. Niite. Nani alimpiga bibi yako? Sema. Mtaje!"

Merle aliona makovu yale aliyoyasugua kwa kitambaa cha kuogea alipokuwa mtoto, akauliza ni ya nini akaambiwa ni ya miiba, na lile jina likampanda kooni likiwa limevikwa kila tusi alilowahi kulitunga, likafika kwenye ulimi, likagonga meno, na hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko kumtupia yule mwanamke jina lake usoni kama maji ya vyombo, na Tarni amesimama mbele yake na mikono iliyopasuka, vikombe vinalia kwenye sinia. Akajiuma ulimi mpaka akaonja damu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia Memsabu hata siku moja. Akaacha kumsikiliza. Akakipa kile kiti mgongo.

"Tarni," akasema, kwa sauti yake ya kila siku ya kugombeza. "Tarni mtoto wa mwanangu Raelene. Unafanya nini na sinia hilo? Hapa hakuna mtu."

Sauti nyembamba ikaanza neno.

"Hapa hakuna mtu," Merle akarudia. "Mwaga hiyo chai."

Tarni akaachia. Vikombe vya Memsabu vikavunjika vyote, na msichana akakaa sakafuni katikati ya vigae, akikohoa moshi, akilia, akimwambia bibi yake mikono inamuuma na ana njaa.

Majira mawili yamepita. Wageni bado wanakuja. Ubao mpya umeandikwa Wirrabilla tu. Juzi mama mmoja wa mjini, miwani kichwani, alikuwa barazani akila keki za Merle. Akauliza, "Zamani nyumba hii ilikuwa ya nani? Nimesoma mahali. Kulikuwa na bibi mmoja maarufu, jina lake..."

"Chukua jemu, mwanangu," Merle akasema, na kijiko kilikuwa tayari mdomoni mwa mgeni.

Mgeni akameza. "Lakini ni nani aliyekaa hapa?"

Ndani, jikoni, kengele ya chumba cha mbele ikalia. Mara moja, kidogo, kama mtu anayekumbusha. Lionel akakodolea macho mbao za sakafu. Tarni, aliyekuwa amenyoosha miguu kwenye kiti kizuri kuliko vyote barazani, akajimiminia chai, akatia sukari, akaongeza sukari.

"Hakuna mtu," akasema Merle.

Kengele ikalia tena. Hakuna aliyenyanyuka.