Njia Tulivu ya Muyama

Gurudumu la baiskeli lililojaa tope jekundu liliingia katikati ya vitenge vya Dorcas saa nne asubuhi, soko la Kasulu likiwa limefurika. Kitenge cha njano, kipya, kilichofika kutoka Manyovu jana yake tu, kikapata mstari wa tope mpana kama kiganja.

"We kaka! Barabara yote hii hukuiona, ukaona upite kwenye nguo zangu?"

Kijana akaruka chini. Alikuwa mrefu, amevaa kaptula nyeusi ya kubana, fulana ya kijani iliyolowa jasho, na kofia ngumu kichwani kama fundi wa umeme.

"Samahani sana, dada. Nitakilipia."

"Nani kakuomba hela? Ndoo iko nyuma ya banda. Sabuni hii hapa. Kifue."

Mwanaheri, muuza dagaa wa banda la pili, alicheka hadi akashika mbavu. "Dorcas, unamfulisha mume wa watu!"

"Sina mke," kijana akajibu, akikunja mikono ya fulana. "Na kwa mapokezi haya, sijui kama nitathubutu."

Alikifua vizuri, akakianika bila mikunjo. Jina lake Reverien, mtoto wa Kibondo. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwa baiskeli katika vijia vya milimani. Ijumaa iliyofuata alirudi, safari hii ameifunga baiskeli mbali kabisa na vitenge. Ijumaa ya tatu alileta ndizi za kuchoma. Baada ya hapo, simu ya Dorcas haikupoa.

"Uko wapi, kichaa wangu?"

"Mlimani. Nakokota."

"Mwanaume mzima unakokota baiskeli?"

"Kilima hiki kingekunyamazisha hata wewe, mama mkali."

"Hakijaumbwa hicho."

Hiyo ilikuwa Mei. Kufikia Oktoba, Reverien alikuwa ameshasema wazi kwamba anataka kutuma mshenga Muyama, kwa Mama Pelagia, mama yake Dorcas. Baba alikuwa amefariki Februari. Dorcas alimwambia asubiri kidogo, lakini moyoni alikuwa ameshakubali, hata kitenge cha siku hiyo alikuwa amekiweka pembeni.

Jumatatu moja Reverien akamtumia ujumbe. "Mpenzi, soma. Nimemaliza kuandika maelezo ya ile njia mpya ya baiskeli. Wageni wa kwanza wanapita Jumamosi."

Dorcas akafuta mikono, akasoma kwa fahari. Mstari wa tatu fahari ikamtoka.

"Ukitaka njia nzuri kuliko zote, toka Kasulu, panda Muyama, kisha teremka hadi Manyovu. Nimeipita msimu wa kulima, Februari, na sikukutana na mtu hata mmoja mashambani. Ni utulivu mtupu. Kwa mbali utasikia nyimbo tamu zikitoka migombani."

Chini yake palikuwa na picha, na tarehe. Shamba tupu linaloshuka hadi kijito, mti wa mparachichi uliopigwa na radi, na bati jipya la jiko la mama yake. Tarehe ilikuwa ile waliyomzika baba.

Alipiga simu akiwa amesimama.

"Reverien. Hizo nyimbo tamu, unajua zilikuwa za nini?"

"Za... kanisani, nadhani."

"Tulikuwa tunamshusha baba yangu kaburini!"

Dorcas akasogea nyuma ya banda, mbali na wateja.

"Angesema hivyo mgeni kutoka ng'ambo, ningemsamehe. Wewe umezaliwa Kibondo! Mashamba matupu msimu wa kulima, hukujua maana yake? Hukujua kwamba mtu akifa hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe?"

"Nilijua," Reverien akasema polepole. "Nilijua kuna msiba."

"Ulishuka kwenye baiskeli?"

"Sikushuka. Nilikuwa napima muda wa safari kwa ajili ya wageni. Dorcas, Muyama ni kubwa, sikujua ni kwenu."

"Kwa hiyo angekuwa baba wa mtu mwingine, sawa tu?"

Dorcas akakata simu, na alipopigiwa tena akaizima. Siku tatu aliuza vitenge kwa sauti kali mpaka wateja wakaanza kupitia kwa jirani.

"Msamehe basi, mwenzangu," Mwanaheri akasema. "Ni maandishi tu hayo."

"Maandishi? Kilio chetu kakifanya burudani ya njiani! Wewe ungemsamehe?"

Mwanaheri akageuza dagaa zake.

Ijumaa asubuhi Dorcas aliwasha simu, na Mama Pelagia akapiga. "Dorcas, kuna kijana shambani kwangu tangu kumekucha. Kaja akikokota baiskeli kuanzia kule njia panda, kavua kofia, kanipa pole. Anasema amechelewa msibani miezi minane. Nikamwambia msiba umeisha, akaomba jembe. Sasa huyu ni mzima?"

"Ana mwili mzima, akili sijui. Nakuja."

Alipanda bodaboda na sketi yake ya sokoni, hata viatu hakubadili. Reverien alikuwa katikati ya shamba, mgongo umeloa, viganja vimechubuka. Alipomwona akasimama wima.

"Nani kakuruhusu uje kumlainisha mama yangu?"

"Sikuja kumlainisha. Yeye ndiye niliyempita bila kushuka. Sijamwambia kama nakufahamu."

Dorcas akageuka kumtazama mama yake, aliyekuwa kibarazani akichambua maharage. Mama aliwatazama kama mtu asiyejua lolote.

"Na yale maandishi?"

Reverien akapangusa mkono kwenye kaptula, akampa simu. Picha ilikuwa imeondolewa. Palikuwa na maneno mapya: "Njia hii ina wenyewe. Ni wakulima, na watakusalimu ukiwasalimu. Ukikuta mashamba matupu msimu wa kulima, kuna aliyefariki. Shuka, kokota baiskeli, toa pole. Kama huna muda wa kufanya hivyo, tafuta njia nyingine."

Dorcas alisoma mara mbili. Hasira ilikuwepo bado, lakini haikuwa na pa kukaa vizuri kama jana.

"Wageni wa kesho umewaambia?"

"Nimewaambia. Wawili wamekasirika, wamejitoa."

"Vizuri. Wasije." Akamrudishia simu. "Hao waliobaki nitawapokea mimi, hapa barabarani. Nataka waniangalie usoni."

"Na mimi je, Dorcas?"

"Wewe mmalizie mama shamba."

"Namaanisha..."

"Najua unachomaanisha, sina upofu." Alivua viatu, akavipanga kando ya tuta, akachukua jembe la pili lililokuwa limelala pale. "Mshenga wako aje Jumapili baada ya ibada. Akichelewa miezi minane kama wewe, arudi huko huko Kibondo."

Kibarazani Mama Pelagia akaacha maharage. "Kumbe mnafahamiana?"

"Tulikosana, mama," Dorcas akajibu, akipiga jembe la kwanza. "Ndiyo tunaanza kufahamiana."