Saa Nne ya Kweli

Sikukuu ya Juneteenth, siku ya Wamarekani weusi kukumbuka mwisho wa utumwa, mtaa wote wa West End mjini Atlanta ulikuwa barabarani. Moshi wa mbavu za kuchoma ulitanda, ngoma za bendi ya chuo zikatikisa madirisha, na foleni ndefu kuliko zote ilikuwa mbele ya meza ya Nichelle Broadnax, binti wa gauni la njano na misuko iliyofika kiunoni, aliyeuza pai za pichi zikiwa bado za moto. Cedric Pettway, kijana mrefu mwenye gari lake la kusambaza vyakula, alifika pai ya mwisho ikichukuliwa.

"Dada, zimeisha kweli?"

"Ungekuja mapema, kaka."

"Nimekuja kwa saa za watu weusi, zile za kuchelewa."

"Basi kale hizo saa!"

Watu wakaangua kicheko. Cedric naye akacheka, akamsaidia kukunja meza, na hakuondoka bila namba ya simu.

Mapenzi yakashika moto. Kasoro ya Cedric ilikuwa moja tu, kuchelewa. Nichelle akafanya kama wafanyavyo wanawake wa kwao wote: chakula kikiwa saa nane, humwambia saa saba. Cedric hakuwa mjinga. Aligundua upesi, na kimyakimya akaanza kuongeza saa moja juu ya kila saa aliyopewa. Wakawa wanadanganyana kwa upendo, kila mmoja akijiona mjanja.

Mwezi wa kumi bahati ikabisha hodi. Mama Odessa Tyree, mwanamke mweusi aliyeanza na kibanda cha mboga na sasa ana maduka jimbo zima la Georgia, alitaka pai ya kuweka kwenye maduka yake. Angeonja ofisini kwake, mara moja tu. Nichelle angetangulia kupanga meza. Cedric angepitia jikoni kwa Nichelle, azilete pai kwenye gari lake zikiwa na moto wake.

"Jumatano saa nne asubuhi, mpenzi," Nichelle alisema kwenye simu. "Saa nne. Umenisikia?"

"Nimekusikia, asali wangu. Siwezi kukuangusha."

Alisikia saa nne, akapiga hesabu ya saa tano.

Jumatano hiyo, saa nne ilipogonga, Cedric alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu hadi masikioni, akiwavunja watu mbavu kwa vichekesho. Upande wa pili wa jiji Nichelle alisimama na sahani tupu. Mama Tyree alisubiri, akaitazama saa yake, akasubiri tena, kisha akainuka.

"Binti yangu, mimi nimefika hapa kwa sababu kila mlango ulipofunguliwa nilikuwa tayari. Leo umefunguliwa, na wewe huna pai."

Simu ya Cedric ikaita.

"Cedric, uko wapi? Ameshaondoka!"

Cedric akalitazama povu lake kwenye kioo, na uongo ukamtoka kabla hajauchagua.

"Pancha, mpenzi. Niko barabarani, nabadilisha tairi."

Sauti yenye machozi ikamjibu: "Pole, baba. Afadhali gari kuliko wewe."

Ile pole ndiyo iliyomla. Angetukanwa, angelala. Jumapili Nichelle alisimama kanisani kutoa ushuhuda, kofia ya zambarau, gauni la zambarau. "Soko sikulipata," alisema, "lakini Mungu alimlinda Cedric wangu barabarani!" Kanisa zima likaitika amina. Cedric naye akaitika, na akajiona mchafu.

Mchana walikuwa wakiosha vyombo nyumbani kwa mama yake Nichelle. Pete ilikuwa mfukoni mwa Cedric tangu Jumanne. Alikusudia kuitoa siku ya ushindi.

"Najilaumu," Nichelle alisema. "Ningetafuta gari la akiba. Kosa ni langu." Mara akaona kitu kimetuna mfukoni, macho yakang'aa. "Cedric Pettway! Hicho ni kile ninachodhani? Basi ndiyo! Ndiyo, hata hujauliza!"

Akamrukia shingoni na mikono yenye sabuni. Cedric alishindwa kumkumbatia.

"Hapakuwa na pancha, Nichelle."

"Nini?"

"Nilikuwa kwa kinyozi. Nilidhani umenipa saa ya uongo, kama siku zote. Nikaongeza yangu."

Nichelle akafunga bomba.

"Siku zote nilikudanganya, na hilo ni langu," alisema polepole. "Ila siku ile moja nilikupa saa ya kweli. Nilisema, hili Cedric hawezi kulichezea."

"Nisamehe."

"Kinyozi ningekusamehe leo hii. Lakini kanisani, Cedric! Nilisimama nikamshukuru Mungu kwa ajili yako, na wewe ukaitika amina! Kesho tunakwenda kwa Mama Tyree. Utasema wewe, kwa mdomo wako."

Cedric akaenda katika suti yake ya rangi ya kahawa, akasema mbele ya Mama Tyree, jasho likimtiririka kama mwizi.

"Nafasi nimeshampa kijana wa mji wa Macon," Mama Tyree alijibu. "Siwezi kumnyang'anya kwa sababu dhamiri yako imeamka."

"Sijaja kuomba, Mama," Nichelle alisema. "Nilitaka ujue kwamba sikuudharau mlango wako."

Mama Tyree akafungua kalenda yake. "Mwezi wa tatu nafungua duka jipya mjini Decatur. Njoo na pai." Akamgeukia Cedric. "Njoo nazo mwenyewe, binti."

Nje, kwenye maegesho, Cedric hakuthubutu hata kumshika mkono.

"Ile 'ndiyo' yako ya jana..." alianza.

"'Ndiyo' ile nilimpa mwanaume aliyebadilisha tairi kwa ajili yangu. Hayupo, Cedric. Hakuwahi kuwepo." Alifuta machozi kwa kiganja. "Ila huyu aliyesimama mle ndani na kujiaibisha, huyu sikuwahi kumwona. Ndiyo kwanza nakutana naye."

Akamnyooshea mkono, kama mtu na mgeni.

"Unaitwa nani, kaka?"

Cedric akaupokea mkono ule.

"Cedric."

"Mimi Nichelle. Usinipigie simu. Nikiwa tayari kukujua, nitakupigia mimi."

Akaachia mkono wake, taratibu, akaenda zake kituo cha treni.