Nyaya Tatu za Feni ya Mama Leonia

Kila siku akitoka shule, Diana alivua sare, akala, kisha akaenda kumsaidia baba yake, fundi Gervasi, kwenye kibanda chake sokoni Ujiji. Tangu mama yake azikwe mwezi uliopita, alifanya yote hayo bila kuhisi chochote. Hakulia wala kucheka. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Jumatatu baba yake alimpa mota ya feni ya sola aipime. Ilikuwa ya Mama Leonia wa Kibirizi, ambaye mvua zikianza hukausha dagaa wake bandani kwa feni.

"Ina nyaya tatu," alisema baba. "Gusanisha kwanza ncha za mita hii ya umeme, namba utakayoiona uiondoe kwenye kila jibu. Kisha pima ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme, nyaya mbili mbili, mara tatu. Majibu yakilingana, koili, ule waya uliosokotwa ndani ya mota, ni nzima. Yakipishana, ndani kumeungua."

Diana alipima nyekundu na njano, akapata ukinzani wa omu tatu. Akautazama waya wa tatu, mweusi. Mkono ulikuwa mzito, wala hakuona sababu ya kuhangaika. Akaandika daftarini: tatu, tatu, tatu. Baba akaamini, akaifunga feni. Ikazunguka vizuri, ikachukuliwa.

Alhamisi Mama Leonia alirudi nayo, khanga imelowa chapachapa.

"Shikamoo, Mama Leonia."

"Marahaba, mwanangu. Hii feni ilipata moto jana, ikazima. Dagaa wangu wote wameoza."

Gervasi alishika kichwa. "Nisamehe, mama. Mita yangu imezeeka, imetudanganya. Naitupa leo hii."

Kitu kilimchoma Diana kifuani, mara ya kwanza tangu msiba. Ilikuwa aibu.

"Mita ni nzima, baba. Nilipima mara moja tu. Namba nyingine nilizibuni."

Baba aliifungua tena feni. Alimpa mita, naye akapima mbele yao. Nyekundu na njano, tatu. Nyeusi na nyekundu, mbili. Nyeusi na njano, mbili. Wakatafuta mota nyingine, Diana akaipima mara zote tatu, majibu yakalingana, wakaifunga kwenye feni.

"Jumamosi uje tusafishe banda," Mama Leonia alimwambia Diana akiondoka na feni yake.

"Nitakuja, mama."

Walipobaki wawili, baba aliuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Sikuwa nahisi kitu, baba. Mama amekufa, na hata kulia silii."

Gervasi aliweka bisibisi chini. "Hata mimi, siku nyingine sihisi kitu. Hilo si kosa, mwanangu. Kosa ni kuandika namba ambayo hukuipima. Ukishindwa, acha nafasi wazi, uniambie, 'Baba, hapa sijapima.' Nitakuja tupime pamoja."