Maneno Aliyoyameza Areli

Nyumba ya akina Tenorio, mjini Oxnard, kaskazini ya mpaka wa Mexico, ilikuwa na vyumba vitatu na watu kumi na mmoja. Sebuleni walipanga ndugu wawili waliokuja kuchuma stroberi. Chumba cha nyuma alikaa shangazi Hermelinda na wanawe. Choo kilikuwa kimoja, na foleni yake ya asubuhi ndiyo iliyokuwa redio ya nyumba. Hapo ungesikia nani kagombana na nyapara, nani kaachwa na mchumba, nani kapigiwa simu kutoka kijijini. Siri katika nyumba ile haikungoja chai ichemke.

Jumapili ilikuwa siku ya Bi Eloína, mama wa nyumba hiyo. Siku sita aliinama shambani, ya saba alisimama jikoni. Alikanda unga wa mahindi, akaukata madonge, akayapiga kwa viganja, pa-pa-pa, mpaka yakawa tortila, mikate myembamba ya mviringo. Huku mikono ikipiga, mdomo ulisimulia. Alisimulia kwa Kimixteko, lugha ya kwao milimani Oaxaca, kule Mexico. Alisimulia habari za jirani yao aliyefuga bata mzinga mwenye wivu, na za bibi harusi aliyekimbia na sahani za watu.

Binti yake Areli alimrekodi kwa simu. Areli alikuwa na miaka kumi na sita. Alianza kwa mchezo tu. Aliweka video mtandaoni, na chini yake akaandika tafsiri kwa Kihispania na Kiingereza. Watu wakapenda. Mwaka wa pili ulipoisha alikuwa na wafuasi elfu arobaini. Gulioni watu waliwasimamisha wapige nao picha.

"Eloína amekuwa nyota," shangazi Hermelinda alilalamika. "Sasa vyombo ataosha nani?"

Areli alikuwa na kazi nyingine, ambayo hakuna aliyeiita kazi. Wazazi wake hawakujua Kiingereza. Kihispania chao kilikuwa cha kuombea maji. Kusoma hawakujua kabisa. Kwa hiyo tangu akiwa na miaka saba, Areli ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Alitafsiri kliniki, posta, na kwa mwenye nyumba paa lilipovuja. Baba yake, Fidencio, alijivunia sana jambo hilo.

"Wenzangu wanatafuta mkalimani," alisema. "Mimi wangu nimemzaa."

Mambo yaliharibika mwezi wa Oktoba. Darasani kwa Areli kulikuwa na msichana aliyeitwa Yadhira. Wazazi wake nao walitoka Mexico, lakini walikuwa watu wa mjini. Kwao mtu wa milimani Oaxaca alikuwa mtu wa chini, mfupi, mweusi, wa kuchekwa. Yadhira alichukua kipande cha video ambapo Bi Eloína anacheka na pengo lake linaonekana. Akaweka juu yake mlio wa punda. Chini akaandika: "Katoto ka Oaxaca na mama yake." Kengele ya chakula ilipolia, shule nzima ilikuwa imekwisha kukiona.

Tangu siku hiyo, Areli akiingia bwaloni, meza ya akina Yadhira ilianza kupiga viganja. Pa-pa-pa. Hawakusema neno. Mwalimu akigeuka, wameacha. Siku moja mwalimu aliwauliza, na Yadhira akamjibu kwa upole kwamba hajui kama siku hizi kupiga makofi ni kosa.

Areli alijaribu kujibu mtandaoni. Aliandika matusi. Akina Yadhira wakayapiga picha, wakayasambaza, na yeye ndiye akaonekana mkorofi. Akaanza kula chakula chake chooni. Baadaye akaacha kula. Baadaye tena akawa anafika getini, anageuka, anakwenda kukaa maktaba ya mji mpaka saa ya kurudi. Jumapili hakurekodi. Mama akiuliza, alisema simu ni mbovu.

Nyumba nzima ilikaa miezi miwili bila kujua. Si ajabu. Kila barua ya shule ilifunguliwa na Areli. Kila simu ya shule ilipokewa na Areli.

Hatimaye shule ilimtaka mzazi afike mwenyewe. Bi Eloína aliomba ruhusa kwa nyapara, akavaa blauzi ya kanisani. Mshauri wa wanafunzi aliitwa Bi Renner. Kabla hawajaanza, aliuliza kama atafute mkalimani. Areli alimjibu kwamba hakuna haja, mama yake anamtegemea yeye. Hilo halikuwa uongo.

Bi Renner akasema polepole, huku akimtazama Areli machoni.

"Mwambie mama yako kwamba wanafunzi wanakuonea. Mwambie umekosa masomo siku kumi na tisa. Na mwambie ulichoandika kwenye insha yako, kwamba umechoka kuwepo duniani. Nina hofu juu yako."

Areli akamgeukia mama yake. Aliona vidole vyake, vimeingia wekundu wa stroberi mpaka kwenye kucha. Akasema kwa Kimixteko:

"Anasema insha zangu ni nzuri. Anasema nimechoka kidogo, nile vizuri asubuhi."

Bi Eloína akatabasamu, uso wote ukang'aa. "Mwambie Mungu ambariki. Mwambie mimi sikusoma, lakini wewe utasoma mpaka uchoke wewe mwenyewe."

Areli akamgeukia Bi Renner. "Anasema atazungumza nami nyumbani."

Bi Renner alilitazama lile tabasamu. Mtoto amechoka kuwepo, na mama anafungua mkoba, anatoa tamale nne za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake, anazisukuma mezani kama zawadi. Bi Renner akashukuru. Kisha akaandika kitu kwenye faili. Areli alikisoma kichwa chini miguu juu: Mzazi haonekani kuguswa.

Jioni ile Bi Eloína aliwasimulia wote sifa za binti yake. Wapangaji wakampongeza. Areli alisema anaumwa kichwa, akaenda kulala.

Wiki iliyofuata, kijana mmoja shambani aliwaonyesha wenzake kichekesho kwenye simu wakati wa chakula. Watu wakacheka. Simu ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Bi Eloína. Akajiona. Akamsikia punda, na mmoja akamsomea maneno ya chini. Kwa mujibu wa shangazi Hermelinda, aliyekuwa karibu, alitazama mpaka mwisho. Aliirudisha simu kwa mwenyewe, akavaa glavu, akarudi kwenye mstari wake wa stroberi kabla ya wakati.

Nyumbani alinawa kwanza. Kisha akakaa kitandani kwa Areli, akauliza nani aliyekifanya kichekesho kile, akaambiwa ni mwanafunzi mwenzake.

"Zifute video zote," alisema.

"Mama, si wewe..."

"Ni mimi. Ningefunga mdomo wangu, ungekuwa na amani. Nimekutia aibu."

Areli aliposema labda shule isaidie, baba yake akatikisa kichwa. Hakuwa mkali. Aliogopa tu. "Sisi hatuna makaratasi ya kuishi nchi hii, mwanangu. Anayepiga kelele ndiye anayeonekana."

Basi Areli akafuta. Alifuta video mia mbili na sita, moja moja, mama yake akiwa kando. Bata mzinga akaenda. Bibi harusi na sahani zake akaenda. Hakuna aliyekumbuka kuziweka mahali pengine. Jumapili ile Bi Eloína alipiga tortila kimya. Watoto wa shangazi walimwomba hadithi, akasema amezisahau.

Jumatatu Areli hakuamka. Jumanne hakuamka. Hakuwa na homa. Aligeukia ukuta. Mama yake alimfanyia zindiko la kwao, akampitishia yai mwili mzima kuondoa hofu. Areli alilala vilevile.

Jumatano, watu walipokwisha kutoka shambani, alikuja Tomasa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene, mcheshi. Zamani alichuma stroberi. Sasa alifanya kazi na chama cha Wamixteko, akipita nyumba kwa nyumba kuwafundisha wachumaji kujikinga na dawa za kunyunyizia mashamba. Kwa kawaida alianza na umbea, kazi ikafuata. Siku hiyo aliona mlango wa chumba uko nusu wazi na msichana amelala jua lingalipo. Akauliza.

Bi Eloína akamweleza yote, na mwisho akasema, "Nami sielewi, dada. Juzijuzi tu shule ilimsifu."

"Nani alitafsiri?"

"Mwenyewe."

Ucheshi ulimtoka Tomasa. Akaweka kikombe chini. Aliongea kwa sauti ambayo mtu aliyeko kitandani angeisikia.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama yangu aliumwa tumbo. Daktari akaniambia nimwambie ni saratani, na kwamba imebaki miezi michache. Nikamwangalia mama. Nikamwambia daktari anasema ni vidonda, vitapona. Akafurahi. Akaendelea kufanya kazi. Hakurudi kijijini kumuaga mama yake, kwa sababu alidhani muda upo. Alikufa mwezi wa Mei. Mimi sikusema uongo kwa ubaya, Bi Eloína. Neno lilikuwa zito kuliko mimi."

Chumbani kitanda kililia. Areli alitoka, nywele timutimu, akasimama mlangoni. Hakumtazama Tomasa. Alimtazama mama yake. Akamwambia yale ambayo Bi Renner aliyasema, yote, pamoja na lile la insha. Alipofika kwenye insha alikwama, akaanza upya.

Bi Eloína hakupiga yowe. Alimkalisha binti yake karibu, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Na bado unalitaka hilo?" aliuliza. "La kutokuwepo?"

"Siku nyingine nalitaka," Areli alisema.

"Basi siku hiyo uniambie mimi. Hata niko kwenye mstari, hata nyapara anatazama. Nitaacha boksi nije."

Tomasa aliwapa nafasi. Kisha akawaeleza taratibu, na shangazi Hermelinda akavuta kiti, maana hakutaka kupitwa.

Aliwaambia kwamba mtoto hapaswi kutafsiri habari nzito, za ugonjwa, za mahakama wala za shule, na zaidi zile zinazomhusu yeye mwenyewe. Atazipunguza ili asiwaumize wazazi, au ili asijiumize. Mzazi ana haki ya kuiomba shule mkalimani mtu mzima, wa lugha anayoielewa, hata kama ni Kimixteko, na halipi. Fidencio akauliza kuhusu makaratasi. Tomasa akamjibu kwamba mshauri wa wanafunzi kazi yake ni mtoto, na mzazi anayelalamika juu ya uonevu haulizwi makaratasi. Mwenye hofu asiende peke yake, aende na mtu wa chama.

Kisha akamgeukia Areli. Mtu akitukanwa mtandaoni asijibu. Apige picha ya tusi lilivyo, na jina na tarehe vionekane. Amfungie mtukanaji. Amwonyeshe mtu mzima anayemwamini siku hiyohiyo. Kufuta kuje mwisho, ushahidi ukishahifadhiwa. Na mtu akianza kuchoka na uhai, hilo halingoji kesho. Amwambie mtu, na apelekwe kwa mtaalamu.

"Nimefuta kila kitu," Areli alisema.

Tomasa alifumba macho kidogo. "Zako zimekwenda. Hilo siwezi kukudanganya."

Hapo shangazi Hermelinda akakohoa. Akatoa simu yake. Alikuwa amehifadhi kipande cha punda, na maneno yote yaliyoandikwa chini yake, na majina. Alikiri kwamba aliyaweka ili ajue nani wa kumsema. Kwa mara ya kwanza umbea wake ukapata kazi.

Siku iliyofuata walikwenda shule wanne, Areli, wazazi wake na Tomasa, wakiwa na simu ya shangazi. Tomasa alikaa katikati. Bi Renner alisema maneno yaleyale, na safari hii yalipita kwa Tomasa yakamfikia Bi Eloína kamili, bila kupunguzwa. Areli alikaa pembeni, mikono mapajani, hana la kufanya. Alimwona mama yake akipokea neno moja moja, kama mtu anayepigwa mawe na hakwepi. Bi Eloína alipomaliza kulia, alisema jambo moja tu.

"Mwambie huyu mama kwamba siku ile sikuyachekea maneno haya. Nilikuwa sijaambiwa."

Bi Renner alisikiliza tafsiri hiyo, akafungua faili, akaukata mstari aliouandika. Naye akaomba radhi. Alisema angepaswa kumwita mkalimani hata mtoto alipokataa.

Shule iliwaita wazazi wa Yadhira na wenzake. Kipande kilifutwa. Yadhira alipewa adhabu, na baba yake alikuja kuomba msamaha, ingawa Yadhira mwenyewe hakuja. Areli alianza kuonana na mtaalamu kila Alhamisi. Bwaloni viganja vilinyamaza, isipokuwa mara moja moja kutoka meza za mbali. Akala chakula chake mezani, na msichana wa Guatemala aliyekuwa mgeni shuleni akaja kukaa naye.

Mwezi wa Februari alirudi mtandaoni. Alikuwa peke yake kwenye video, kwenye kiti cha plastiki. Aliwaeleza wafuasi wake, kwa lugha zake tatu, jinsi alivyomdanganya mama yake na kwa nini. Watoto wengi walimwandikia. Wengi walisema nao hutafsiri, nao humeza maneno.

Lakini wengine waliuliza mama yuko wapi. Bi Eloína hakurudi mbele ya kamera. Areli hakumlazimisha. Video zile mia mbili na sita hazikupatikana tena, na baadhi ya hadithi, alipoulizwa, mama alizianza akashindwa kuzimaliza.

Kitu kimoja kipya mama alikianza. Kila jioni, akishanawa mikono, alikaa ukingoni mwa kitanda cha binti yake na kumuuliza kwa Kimixteko leo wamesema nini. Siku nyingine jibu lilikuwa zuri. Siku nyingine lilikuwa baya. Areli alilisema lote, na mama yake akalisikia lote.