Beseni la Bluu Dirishani

Burulcha, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa ameuguza vifua vya watu kwa muda mrefu mno, hata mumewe akikoroma alijua ni tundu lipi la pua lililoziba. Juma lile alikuwa na jambo moja tu la kujutia: nywele. Alizipaka rangi ya manjano kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, akitaka kufanana na yule mrembo wa kwenye boksi la rangi. Akaishia kufanana na jogoo aliyenyeshewa.

"Usinicheke, Asilgul," alimwambia mgonjwa wake asubuhi ile. "Ukicheka utakohoa."

"Si ndiyo dawa yenyewe, dada?"

"Haya, kohoa. Lakini koholea ukutani, mimi nina harusi."

Asilgul alikuwa mzazi mbichi. Alijifungua salama mtoto wa kiume, kisha nimonia ikamvamia. Siku alipofikishwa kwenye hospitali yetu chini ya milima ya Karakol, midomo yake ilikuwa ya zambarau na mbavu zikivutika ndani kila alipotafuta hewa. Sasa homa ilikuwa imeshuka, oksijeni imepunguzwa, na daktari alishasema kesho anaruhusiwa kurudi kwa mwanawe. Hakuwa na neno jingine mdomoni ila hilo. Kesho nitamnyonyesha.

Burulcha alimwegemeza mbele juu ya mito, akakikunja kiganja kama kikombe, akaanza kumpigapiga mgongoni. Pu, pu, pu.

"Unampiga mkamwana wangu?" aliuliza Zuurakan, mama mkwe, kutoka kwenye kiti chake.

"Nalegeza makohozi, mama. Mapafu ni mti uliopinduliwa. Shina lake ni koo la pumzi, matawi yanagawanyika mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa. Vifuko vikijaa majimaji, hewa haina pa kukaa. Basi nautikisa mti, yaliyooza yaanguke."

"Hata sisi tulikuwa tunapiga," bibi akasema. "Ila si kwa mkono."

"Kwa kitu gani basi?"

Bibi alikuwa akizitazama zile nywele. "Na wewe kichwa hicho usikisogeze kwa mzazi. Unajua ni nani mwenye nywele za manjano."

Burulcha alijua. Nani kule asiyejua? Ni Albasti, pepo wa kike anayemnyemelea mzazi, akamng'oa mapafu na kukimbia nayo mpaka kwenye maji. Yakishagusa maji, mwenyewe hana pumzi tena.

"Mama Zuurakan, kwa kiuno hiki nitakimbilia maji gani? Nikifika mtoni mgonjwa ameshapona, amezeeka!"

Asilgul alicheka mpaka akakohoa, akatoa donge zito. Burulcha akalitazama, akaridhika. Hata bibi alionyesha ufizi.

Mchana, Burulcha aliitwa wodi ya pili kusaidia. Aliporudi jua lilikuwa limejaa chumbani. Asilgul amelala, pumzi zake ndefu na laini. Kwenye ukosi wa gauni lake palikuwa na tone la damu. Burulcha akadhani ni la sindano. Bibi hakuwepo. Dirishani palikuwa na beseni la bluu, limefunikwa kitambaa.

Akafunua. Mapafu ya kondoo, mazima, koo la pumzi limeachwa juu kama mpini. Bado yana joto.

Moyo wake uliyeyuka. Kumbe yule bibi ana shukrani! Nyumbani kwa mama yake Burulcha, mapafu kama yale yalijazwa maziwa na kitunguu saumu, yakachemshwa, watu wakasahau majina yao. Lakini kwanza huoshwa. Unapitisha maji kwenye koo la pumzi, unakamua, unapitisha tena, mpaka damu yote itoke na yabaki meupe kama pamba.

Akayabeba mpaka kwenye sinki lililokuwa pembeni ya chumba. Akafungua bomba.

Mapafu yakavimba taratibu. Yakawa mazito mikononi. Nyuma yake, kitandani, kitu kikagugumia kama birika.

Burulcha hakugeuka. Wagonjwa wana sauti zao.

Akakamua. Akabonyeza kwa mkono wa kulia, wenye pete, vidole vikazama. Povu la rangi ya waridi likatoka kooni mwa kondoo.

Nyuma yake, Asilgul akakohoa. Sauti ya maji.

Akageuka.

Povu la rangi ya waridi lilikuwa kidevuni mwa Asilgul. Macho yamemtoka. Mdomo wazi. Hakuna hewa inayoingia.

Burulcha aliyatupa mapafu sinkini, akaruka. Akamkalisha wima. Akafungua oksijeni yote. Akaita daktari mpaka sauti ikakauka. Akaweka kipimo cha kusikilizia kifuani. Aliyajua magonjwa yote ya kifua kwa sauti zake, lakini hii hakuwahi kuisikia.

Ilikuwa sauti ya bomba.

Aligeuza shingo. Bomba la sinki bado lilikuwa linatiririka. Maji yanaingia moja kwa moja kwenye koo la kondoo.

Mlango ukafunguka. Zuurakan alisimama pale, kamba mkononi, na mbwa nyuma yake asiyetaka kuvuka kizingiti.

"Yako wapi?" bibi akanong'ona. "Nimempiga nayo. Ugonjwa umehamia humo. Nilikwenda kuleta mbwa ayale makavu." Akaona mikono iliyolowa. Akaona nywele. "Ni wewe," akasema.

"Mama, mimi ni Burulcha!"

"Umeyatia maji."

Burulcha alilifunga bomba. Hakufikiri. Aliyashika mapafu, akayapindua koo likielekea chini, kama anavyolazwa mgonjwa ili majimaji yatoke. Yakatiririka sakafuni. Kitandani, Asilgul akatapika maji. Mengi. Kisha kimya.

Mapafu yalikuwa yamenywea. Kifua cha Asilgul pia.

"Mtoto wake ana njaa," bibi akanong'ona. Basi. Hilo tu.

Burulcha akaweka mdomo wake kwenye lile koo la pumzi. Lilikuwa na ladha ya damu na chuma. Akapuliza.

Kitandani, kifua kikainuka.

Akaachia. Kikashuka.

Akapuliza. Akaachia. Machozi yakimtoka, nywele za manjano zimemgandama usoni, akapuliza mpaka Asilgul alipojivutia hewa mwenyewe. Na mikononi mwa Burulcha, mapafu ya kondoo yakavuta pamoja naye.

Daktari alipofika alikuta mapafu yamefungwa kitambaani, kwapani mwa bibi, na hakuna aliyemwambia neno. Aliagiza picha ya eksirei. Aliitazama muda mrefu kwenye mwanga. Kwenye pafu la kulia palikuwa na vivuli vinne virefu na kimoja kifupi. Kimoja kati ya vile virefu kilikuwa na duara. Burulcha akauficha mkono mfukoni.

Jioni ile alizikata nywele zote.

Kiangazi aliitwa kwenye sherehe ya mtoto. Zuurakan alimpokea kwa chai na mkate, wakazungumza habari za mifugo. Kwenye boriti, mbali na mvuke wa jiko, palining'inia mfuko wa sufu.

Nje ndama alikata kamba. Asilgul akamfukuza kilimani, mwanawe mgongoni, huku akicheka. Ndani, mfuko ukaanza kuhema. Mbio, mbio.

"Kunywa chai, binti yangu," Zuurakan akasema kwa upole. "Ila usiimwage."

Asilgul akaingia, uso mwekundu, akaegemea mlango mpaka pumzi ikamtulia.

Mfuko ulitulia baadaye kidogo.